Karatasi tatu, saa tatu: kisa cha fundi simu wa Tandika

Dada wa fundi huyo alifika kwenye meza yetu ya msaada wa kisheria siku ya Ijumaa, saa tatu asubuhi, amebeba hotpoti ya uji ambao haujaguswa. Alikuwa anatoka kituo cha polisi. Alikaa pale tangu saa kumi na mbili, na kila akisogea kaunta anajibiwa kwamba mtuhumiwa hajaandikwa maelezo, kwa hiyo haonwi na mtu, wala uji haupiti. Ukutani, juu ya benchi alilokalia, palibandikwa tangazo: dhamana ni bure. "Sasa kaka," akaniuliza, "kama ni bure mbona hawaitoi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili. Kazi yangu ni kusikiliza, kuandika, kufuatilia kituoni, na jambo likinizidi kimo namtafutia mtu wakili wa kujitolea. Kisa hiki kilianza Machi 2023 kikaisha Desemba mwaka huohuo. Majina nimeyaacha, kituo na mahakama sivitaji. Nakiandika kwa sababu kila ukizuka mjadala wa mamlaka ya dola na haki za raia, watu hukimbilia Katiba na Mahakama ya Rufani. Mimi mawazo yangu hurudi kwenye kalamu ya askari wa zamu.

Mama lishe

Nianze na aliyeumizwa, maana tukishaanza kuzungumzia haki za mtuhumiwa yeye husahaulika. Ni mama lishe wa Vingunguti. Siku chache kabla ya ukamataji, saa kumi na dakika arobaini alfajiri, alikuwa anakwenda Buguruni kutafuta gari la kumfikisha soko la Ilala. Vijana watatu wakamzuia, mmoja ana panga. Walichukua simu, wakachukua shilingi 180,000 za mtaji, na alipong'ang'ania mkoba wakamkata mkono wa kushoto. Nyuzi saba. Alipewa PF3, fomu ya polisi ya kwendea hospitali, akashonwa, akarudi kituoni kuandika maelezo. Maelezo yake ya kwanza hayana mapambo: palikuwa na giza, hakumtambua hata mmoja, ila kuna mrefu aliyevaa kofia ya sweta.

Na jiji lilikuwa bado na kidonda kibichi. Septemba 2022 vijana wanaoitwa panya road walivamia watu majumbani, wakajeruhi na kuua, polisi wakaanzisha msako. Anayesema wakazi wa Dar es Salaam walitaka polisi wenye mkono mzito hasemi uongo. Mama mwenyewe aliniambia usoni: "Mwanangu, mimi hayo ya vifungu sitaki. Nataka wakamatwe."

Polisi walifanya kazi. Simu ilipowashwa na laini mpya, waliifuata kwa namba yake ya utambulisho, ile inayotokea ukibonyeza *#06#, wakapata laini iliyomo na jina la mwenye laini, kwa kuwa laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole. Alikuwa binti wa Mbagala anayejifunza ushonaji. Akasema simu ameinunua Tandika kwa fundi, shilingi 95,000, akawapeleka hadi mlangoni.

Fundi, kijana wa miaka 26, hakukataa. Alisema ameuziwa na kijana mmoja kwa 60,000, akavuta daftari kutoka chini ya kaunta. Ni daftari la shule, gamba limeng'oka, limeshikizwa na utepe wa umeme. Humo huandika kila simu anayonunua: tarehe, jina la muuzaji, namba ya muuzaji. Jina lilikuwepo na namba ilikuwepo.

Simu ya namna ile dukani haipungui 250,000. Fundi yeyote anajua simu hiyo ikija kwa 60,000, haina boksi wala risiti, imetokea wapi, na mimi sitajifanya mgeni wa mambo hayo. Polisi walikuwa na kila sababu ya kumkamata. Ugomvi wangu hauko hapo.

Saa

Karatasi ya kwanza ni hati ya ukamataji mali. Ilijazwa palepale dukani mbele ya mjumbe wa shina, Alhamisi saa 11:40 jioni. Imeorodhesha simu saba, kompyuta ndogo ya kuflashia na fedha taslimu. Daftari halimo, ingawa mjumbe na kijana wa fremu ya jirani waliliona likitumbukizwa kwenye mfuko uleule.

Karatasi ya pili ni kitabu cha mahabusu: Alhamisi, saa 1:05 usiku. Kati ya hizo mbili ni foleni tu.

Ya tatu ni maelezo ya onyo ya mtuhumiwa, yale anayoyatoa polisi akishaonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, yaliyochukuliwa Jumamosi kuanzia saa 4:00 asubuhi hadi 5:10. Juu, kwenye nafasi ya muda wa kukamatwa, imeandikwa: Jumamosi, saa 2:00 asubuhi. Maana yake kijana huyu alikamatwa Jumamosi asubuhi akiwa ameshalala mahabusu usiku mbili.

Kwa nini mtu asogeze saa? Kwa sababu Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985, kifungu cha 50, inampa polisi saa nne za kumhoji mtuhumiwa, na zinaanza kuhesabiwa pale anapowekwa chini ya ulinzi. Muda wa kusafirishwa haumo kwenye hesabu, wala ule wa kumsubiri wakili au ndugu. Saa nne zisipotosha, kifungu cha 51 kinamruhusu mkuu wa upelelezi huo kuongeza hadi nane, mtuhumiwa akaelezwa. Hizo nazo zisipotosha, hakimu yupo, anaombwa kabla muda haujaisha. Tukihesabu kutoka saa 11:40 jioni ya Alhamisi bila kupunguza kitu, saa nne ziliisha saa 3:40 usiku. Na nyongeza, zingefika saa 11:40 alfajiri ya Ijumaa. Maelezo yakaja kuchukuliwa saa 40 na dakika 20 baada ya hati ya kwanza.

Hakupigwa. Nalisema hili mapema kwa sababu msomaji wa visa vya namna hii hukaa akisubiri kofi. Hakupigwa wala hakutishwa kwa silaha. Aliachwa tu, sakafuni, na watu kumi na wanane, simu amenyang'anywa, ndugu hawaoni. Jumamosi asubuhi alipotolewa na kupewa kiti alikuwa tayari kusema chochote kitakachompeleka nyumbani. Maelezo yake yanasema vijana wale "huwa wananiletea mzigo nawauzia". Neno mzigo hilo ndilo lililomponza. Yeye alikuja kuniambia alisema "huwa wanakuja watu kuuza". Nani anajua. Kinasa sauti hakikuwepo, kulikuwa na kalamu ya mtu mmoja.

Ile Ijumaa mchana nilikwenda kituoni na dada mtu. Mpelelezi alitupokea vizuri, hata viti alitupa.

"Mwanasheria, nikimwachia huyu leo, magharibi hii atawapigia wenzake. Panga bado liko mtaani."

"Afande, sijaomba umwachie. Naomba dada yake amwone, na nijue amekamatwa saa ngapi."

"Saa zitaandikwa."

Hoja yake kuhusu panga ilikuwa na uzito na sikuibeza. Kilichonishangaza ni kwamba sheria ilishamsikiliza kabla yangu. Kifungu cha 54 kinampa mtuhumiwa nafasi ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, na papo hapo kinamruhusu polisi kumnyima ndugu au rafiki akiwa na sababu za msingi za kuhofia mshiriki kutoroka au ushahidi kupotea. Yaani hata kumzuia dada mtu na uji wake kungeweza kuwa halali. Kuongeza saa za mahojiano ni halali. Kumweka zaidi ya saa 24 nako kuna mlango: kifungu cha 32 kinasema kama haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa hizo, mkuu wa kituo achunguze na amwachie kwa dhamana, isipokuwa kama kosa linaonekana kwake kuwa kubwa. Linaonekana kwa nani? Kwake yeye mkuu wa kituo. Ukisoma sheria hii kwa utulivu utaona dola haikufungwa mikono kama wanavyolalamika kaunta. Karibu kila kinachohitajika kimo. Inachodai ni sababu na saa, viandikwe kabla ya tendo, na mtu aweke sahihi yake chini.

Mwaka 1993 zilichapishwa hukumu mbili za Mahakama ya Rufani ambazo kila mwanafunzi wa sheria nchini hupitia. Katika ile ya Kukutia Ole Pumbun, mahakama iliweka kipimo: sheria inayobana haki ya mtu kwa ajili ya maslahi ya umma isiache mwanya wa uonevu, na isibane kupita kiasi kinachohitajika. Kipimo hicho kilitungwa kwa ajili ya sheria, lakini jaribu kukiweka juu ya ile Ijumaa. Je, kulikuwa na haja ya kumtenga kijana? Pengine. Kulikuwa na haja ya saa 40 bila swali hata moja? Muda wote huo hakuhojiwa. Hakuna aliyekwenda kutafuta panga kwa maelezo yake, maana maelezo hayakuwepo. Na lile daftari lenye namba ya muuzaji lilikuwa ndani ya jalada, gamba limeng'oka vilevile, halijafunguliwa.

Kifungu

Jumanne asubuhi alipandishwa kizimbani, saa 111 tangu hati ya kwanza. Shtaka: unyang'anyi wa kutumia silaha, akishirikiana na wenzake ambao hawajakamatwa. Hakimu alimwambia shtaka hilo halina dhamana. Akapelekwa Segerea.

Mama hakuwa amemtambua. Gwaride la utambulisho halikufanyika. Simu haikukutwa kwake, ilikutwa kwa binti. Kilichokuwa mezani kilitosha kupokea mali ya wizi, kosa lenye dhamana. Unyang'anyi wa kutumia silaha ni kifungo kisichopungua miaka 30, na umo kwenye orodha ya makosa yasiyodhaminika, kifungu cha 148(5) cha ile Sheria ya Mwenendo.

Hapa ndipo historia ya dhamana inapokuwa tamu na chungu. Hukumu ya pili niliyoigusia ni ya Daudi Pete, aliyeshtakiwa kwa unyang'anyi. Jaji Mkuu Francis Nyalali alieleza kwamba Katiba yetu haimtazami mtu akiwa peke yake kisiwani: inataja haki na inataja wajibu, mtu na jamii yake kwa pamoja. Mwenye haraka angedhani hapo mshtakiwa ameshashindwa. Lakini mahakama ikaifuta aya ya (e) ya kifungu hicho, kwa sababu ilifunga mlango wa dhamana bila utaratibu wowote wa kutofautisha mtu hatari na asiye hatari. Baadaye Bunge likairudisha orodha kwa sura nyingine. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ikamvua Mkurugenzi wa Mashtaka uwezo wa kuzuia dhamana kwa hati yake tu, chini ya 148(4), na Rufani ikaunga mkono 2018. Mei 2020 Mahakama Kuu ikaibatilisha na 148(5) yenyewe katika shauri la Dickson Sanga. Agosti mwaka huohuo Rufani ikatengua, orodha ikabaki.

Sasa pima matokeo yake kwa kijana wa Tandika. Upande wa mashtaka umenyang'anywa hati, umebaki na kalamu ya kuchagua kifungu. Anayeandika unyang'anyi badala ya kupokea mali ya wizi amezuia dhamana bila kumwomba hakimu chochote, na hakimu hana nafasi ya kuuliza ushahidi uko wapi. Kuna jingine. Marekebisho ya 2022 yalikataza kumfikisha mtu mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Nia ilikuwa njema, na wengi tulishangilia. Lakini kwa jalada lisiloiva, hiyo "isipokuwa" inageuka kishawishi: kosa likiandikwa kubwa, mtu anapokelewa mahakamani leo na upelelezi unaendelea yeye akiwa ndani. Siwezi kuapa kwamba ndicho alichowaza aliyeandika shtaka lile. Naweza kuapa kwamba kwa siku 97 kila kesi ilipotajwa tulisikia sentensi moja: upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine.

Siku 14, kisha 14 nyingine. Dada mtu alikuwa anapanda mabasi mawili kwenda Segerea na mabasi mawili kurudi.

Juni, baada ya wakili wa kujitolea kuandika barua mbili na wakili wa serikali mwingine kulipokea jalada, shtaka likabadilishwa kuwa kupokea mali ya wizi. Dhamana ikatolewa siku ileile, wadhamini wawili wenye barua za serikali ya mtaa. Huyo wakili wa serikali nampa heshima yake. Alisoma jalada, akaona lilivyo, akalirekebisha. Hakuna sheria mpya iliyohitajika.

Mahakamani

Usikilizwaji ulianza Septemba. Sehemu kubwa haina la kusimulia: mashahidi kutofika, hakimu kuwa na semina, umeme. Lililokuwa na uzito ni asubuhi ambayo maelezo ya onyo yaliletwa yapokelewe kama kielelezo.

Wakili wetu akapinga. Hakusema neno kuhusu Katiba. Aliomba kitabu cha mahabusu kiletwe, na kilipokuja, zamu iliyofuata, alimwomba askari asome mstari mmoja. Askari akasoma, kwa sauti ya mtu anayesoma mizani ya sukari: jina, kosa, Alhamisi, saa 1:05 usiku. Kisha akaombwa asome hati ya ukamataji, ambayo upande wa mashtaka wenyewe walishaitoa. Saa 11:40 jioni. Kisha juu ya maelezo. Jumamosi, saa 2:00 asubuhi.

Mpelelezi aliulizwa ipi ni sahihi. Alisema saa 2:00 ndipo alipomtoa mahabusu "rasmi kwa mahojiano". Aliulizwa kama aliomba nyongeza ya muda kwa bosi wake. Hakuomba. Kwa hakimu? Hapana.

Si kwamba maelezo ya nje ya muda hufa yenyewe. Katika kesi ya Janta Joseph Komba Mahakama ya Rufani iliyatupa, lakini katika ile ya Nyerere Nyague ikasema kifungu cha 169 kinampa hakimu hiari ya kupima. Na kifungu hicho kina mizani yenyewe: ushahidi uliopatikana kwa kukiuka sheria usipokelewe, mpaka mahakama iridhike kwamba kuupokea kutanufaisha umma kwa dhahiri bila kuumiza haki za mtu kupita kiasi, na anayetaka upokelewe ndiye abebe mzigo wa kushawishi. Kama mpelelezi angesema barabara ilifungwa, au mtuhumiwa alikuwa anawapeleka mafichoni, huenda angesikilizwa. Alikuwa na saa iliyobadilishwa, basi. Maelezo yakakataliwa.

Baadaye, katika maswali ya mwisho, likaibuka daftari. Ndiyo, lilichukuliwa. Liko ndani ya jalada. Kwa nini halimo kwenye hati? Halikuonekana kuwa na umuhimu. Je, aliomba kampuni ya simu impe usajili wa namba iliyoandikwa humo, kama alivyoomba ya binti? Hakuomba, kwa sababu, nanukuu kumbukumbu yangu ya siku hiyo, "mtuhumiwa alishakiri".

Hapo nilimtazama mama lishe, aliyekuja kila tarehe aliyoitwa na kovu lake kwenye mkono. Sijui alikuwa anawaza nini. Mimi niliwaza kwamba Alhamisi ile usiku, ndani ya saa nne halali, mtu mmoja angefungua daftari lile na kuandika barua moja, pengine mwenye kofia ya sweta angepatikana. Maelezo ya kukiri yalikuja kuwa mto wa kulalia. Waliokuwa na mamlaka ya kufuata laini ya binti wa Mbagala hadi mlangoni walikuwa na mamlaka yaleyale juu ya laini ya muuzaji.

Desemba fundi aliachiwa huru. Hakimu alisema bei ndogo inatia shaka, lakini kwa mtu aliyeandika jina na namba ya aliyemuuzia, upande wa mashtaka ulipaswa kuonyesha zaidi ya shaka kwamba alijua ni mali ya wizi. Waliompora mama hawajakamatwa hadi leo. Simu yake, iliyokuwa kielelezo kwa miezi tisa, alirudishiwa kwenye bahasha ya kaki, betri imevimba. Alitia sahihi kitabuni, akaniuliza kama kuna mahali pa kudai zile 180,000. Nilimweleza kuhusu amri ya fidia, na kwamba fidia hutoka kwa aliyetiwa hatiani, na hapa hakuna.

Fundi naye nilimweleza anaweza kuishtaki serikali kwa kuwekwa ndani isivyo halali, ila lazima kwanza itolewe notisi ya siku 90, na kesi yenyewe itadai muda na nauli. Alisikiliza hadi mwisho. Fremu yake Tandika ilishapangishwa kwa wakala wa miamala ya simu, na vifaa vyake alirudishiwa pungufu ya simu mbili, ambazo zilikuwa za wateja. Aliniambia kwanza atafute za kuwalipa hao wawili.